Mfereji Niliouhamisha kwa Rangi

Jamani, mmeniuliza vya kutosha. Mmoja kaniuliza nje ya kanisa, mwingine sokoni, na Mwalimu Daudi kaniuliza mdomo wangu umejaa viazi: eti ni kweli umeshtakiwa Myamba kwa kosa la kuchora? Sikushtakiwa. Niliitwa shahidi, tena ushahidi wenyewe sikuutoa mimi, ulioutoa ni ubao wenye rangi. Nimeona niandike yote mara moja, mpeane msome, mniache nile kwa amani.

Mwanzo wake mnaujua, lakini naurudia kwa ajili ya Daudi, ambaye husahau kila kitu kisichomhusu. Baada ya kuwafundisha watoto wa Same kuhesabu na kuimba miaka mingi, niliacha kazi nikiwa na mvi zangu, nikaenda Kampala kusomea uchoraji. Wenzangu darasani wangeweza kuwa wanangu. Wananiamkia shikamoo kwa adabu kabisa, kisha wananishinda kwa kila zoezi. Mwalimu wetu Mwingereza naye ni mdogo kwangu, ila yeye haniamkii.

Mwisho wa mwaka alizipanga picha zangu ukutani akaniuliza ile miti ni ya wapi. Nikamwambia ni ya kwetu, Upareni. Akasema hapana, hiyo ni miti ya Uingereza, anaijua, amekua nayo. Na kweli nilikuwa nimeitoa vitabuni. Mimi ni msomaji, ndugu zangu. Kila kitabu cha uchoraji mle maktaba nimekisoma, vingine nimevirudia, na nikishika brashi mkono unakwenda wenyewe kwenye picha za humo. Basi akaniambia nirudi nyumbani likizo, nichore mahali ninapopajua kwa macho yangu, nimletee picha moja tu. Ikimridhisha nitaendelea. Isipomridhisha, nafasi yangu atapewa kijana. Ualimu nilishauacha, na kiti changu pale shuleni mnajua nani amekikalia. Nilikuwa na ubao mmoja, rangi kidogo, na likizo inayoyoyoma.

Mama Neema, mke wangu, ndiye aliyechagua pa kwenda. Mimi nilitaka Msangeni nilikozaliwa. Akasema, "Baba Neema, ukienda kwenu utakaa na kaka zako mkumbushane utoto, hutachora hata kuku. Nenda kwetu Myamba. Ukweni huwezi kukaa ukastarehe, kwa hiyo utafanya kazi." Nikafunga mzigo.

Same hadi Kisiwani: gari lenye marafiki wengi

Lori lilikuwa la kupeleka chumvi na sukari Kihurio, na dereva wake, Mhando, aliniahidi tungeondoka alfajiri. Alfajiri ya nani, hakusema. Tuliondoka jua likiwa utosini, baada ya Mhando kuagana na mji mzima. Tulipofika nje ya mji akasimama tena, maana kuna mmoja alikuwa hajamuaga.

Mimi nilikaa juu ya magunia na ubao wangu magotini, nimeufunga kwa khanga ya Mama Neema. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Gonja, mnene, mchangamfu, mwenye jogoo kikapuni.

"Huo mlango unaupeleka wapi, baba?"

"Si mlango, mama. Ni ubao wa kuchorea picha."

"Utachorea wapi?"

"Myamba."

Akafikiri kidogo. "Sasa si ungechora hukohuko Same, ukabeba picha?"

Nikaikaza ile khanga kwenye ubao.

Kisiwani mvuke ulitoka mbele ya gari, likazima. Mhando alishuka, akafungua boneti, akatazama ndani kwa huzuni, akatangaza kwamba gari limechoka, lipumzishwe. Kisha yeye akaenda kula. Tulikaa kwenye kivuli cha lori, nikatoa kitabu changu, kile cha kupanga vitu ndani ya picha. Abiria wakaniomba nisome kwa sauti. Nikawatafsiria ukurasa niupendao kuliko yote: kwamba mto au njia ndani ya picha iingie kutokea pembeni chini, ipinde kwa upole, iliongoze jicho ndani, wala kamwe isikate picha katikati.

"Na jicho likishaingia huko ndani linafanya nini?" akauliza mama wa Gonja.

"Linapumzika."

"Ahaa," akasema, akiligeukia lori. "Kumbe si hili tu."

Wakacheka wote, jogoo naye akawika. Nilifunga kitabu. Tulifika Kihurio tumejaa vumbi hadi kwenye kope, na Mhando akaniambia kwa fahari kwamba safari hii tumewahi.

Kihurio: napandishwa cheo

Nililala kwa binamu wa Mama Neema, mkulima wa mpunga. Nilikula wali na samaki wa mtoni hadi nikaona haya. Asubuhi nikashuka na penseli na karatasi kwenye majaruba kujaribu mkono kabla ya kupanda mlima.

Sasa, mchoraji akitaka kujua mlima una ukubwa gani ukilinganisha na mnazi, hunyoosha mkono, husimamisha penseli, hufumba jicho moja. Ndivyo tulivyofundishwa. Hatukufundishwa kwamba mtu mwenye kofia na viatu akifanya hivyo mbele ya mashamba ya watu, katika nchi inayotawaliwa na Mwingereza, huonekana amekuja kuyapima ili yachukuliwe. Akina mama waliokuwa wanapalilia mpunga walinyanyuka mmoja mmoja, majembe mikononi, wakanitazama. Baadaye akaja mzee mmoja na kiti.

"Karibu ukae, Bwana Pima," akasema.

"Mimi si mpima, mzee wangu. Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi."

Alinitazama mvi. "Marahaba, mwanangu. Mwanafunzi." Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayekubali uongo kwa heshima ya mwongo. "Na karatasi hiyo inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Nachora tu."

"Tu," akarudia.

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, kwa sababu mtu wa serikali hukana. Mchana nililetewa kuku. Nilipokuwa namaliza paja, bwana mmoja akanichutamia kando akaninong'oneza: kama ningeweza, nikifika kwenye lile tuta la jirani yake, nilisogeze kidogo, kidogo tu, kwenye karatasi. Nilicheka hadi nikapaliwa. Laiti ningejua, nisingecheka.

Niseme ukweli lakini, pale majarubani nilipata kitu. Maji ya mpunga yalikuwa yameshika sura ya mlima mzima, chini juu, na wale akina mama walikuwa wanaukanyaga bila habari. Hakuna kitabu kilichonionyesha hilo. Nilichora harakaharaka, na watu wakahesabu hiyo kuwa shamba la kwanza limeshakwenda.

Kupanda: pale tu

Kutoka Kihurio kwenda Myamba ni kwa miguu, na njia yote ni ya kupanda. Kila niliyekutana naye akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani aliniambia nimefika, ni pale tu. Niliwaamini wote. Upepo nao uliukamata ubao wangu kila kona, mara unanisukuma mbele, mara unanirudisha Kihurio. Na Wapare wa mlimani hawapitani hivihivi: nilisimama kusalimiwa, kuulizwa ya nyumbani, ya mvua, ya ng'ombe nisiokuwa nao, na ya mlango niliobeba. Nilifika ukungu umeshuka.

Ukweni

Hapa lazima niwaeleze mila kidogo, maana wengine wenu mmeoa pwani. Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani, ingawa ni Mlutheri anayeimba sauti ya pili kanisani. Kwake yeye, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima, na mimi naikubali. Akipita njiani najitoa pembeni nageukia kichaka. Nikipita mimi, naye hufanya hivyohivyo. Siku ya pili tulikutana ghafla kwenye kona, tukageuka wote wawili, tukabaki tumepeana migongo, kila mmoja anangoja mwenzake apite. Sijui tungesimama pale mpaka lini kama Nakijwa asingetokea.

Nakijwa ni mkamwana wa nyumba ile. Mume wake, yaani shemeji yangu, yuko Tanga kwenye mkonge, na mama, ambaye ni mjane, anaishi na Nakijwa. Huyo ndiye alikuwa mdomo wetu. Mimi nakula sebuleni, mama yuko nyuma ya ukuta wa fito, kila pumzi yake naisikia.

"Nakijwa, mwulize mgeni kama makande yana chumvi."

"Shemeji, mama anauliza makande yana chumvi?"

"Mwambie ipo, ahsante sana."

"Mama, anasema ipo."

"Nimemsikia," anasema mama, na tunaendelea.

Makande yalikuwa ya asubuhi, mchana na jioni, na chumvi niliulizwa kila mara. Basi mimi niliyetumwa kutazama kwa macho yangu nilikaa katika nyumba ambayo mwenyewe haruhusiwi kutazamwa. Nilimjua kwa visigino vyake vilivyopasuka, kwa kikohozi chake, na kwa mgongo wake, alfajiri zile za zamu yake ya maji, akienda na jembe mfereji ulipo.

Maji ya pale hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu zao. Hujaa usiku, hufunguliwa kunapopambazuka, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Watu husimama kwenye vinywa vya mifereji na majembe yao wakisubiri, hawasemi kitu, na ukungu unawazunguka. Nilipoona hayo nilijua nimepata picha yangu. Nikauegemeza ubao kwenye jiwe, nikaanza.

Ilikwenda vizuri ajabu. Ndiva ilikubali, migomba ilikubali, na miti kwa mara ya kwanza ilikuwa ya kwetu. Tatizo lilikuwa mfereji. Unatoka juu kwenye ndiva, unateremka moja kwa moja, unapita ndani ya shamba la mama mkwe, na kwenye ubao wangu ulipasua picha katikati, upande huu na upande ule. Nikafungua kitabu. Ukurasa ulikuwa palepale, unanikodolea macho: kamwe isikate picha katikati. Nikajiuliza, nani ataumia? Nikachukua brashi nikauhamisha mfereji, nikaupitisha kushoto kando ya jabali kubwa, nikaupinda kwa upole. Ulipendeza kweli. Jioni ile nilikula makande nikaongeza.

Rangi ya mafuta haikauki upesi kwenye ukungu, na ndani kwa Nakijwa kuna moshi na kuku. Nikautundika ubao kibarazani pa shule. Jumapili, ibada ilipokwisha, kijiji kizima kilikuja kutazama. Nilisimama kando nikijitayarisha kwa sifa. Hakuna aliyesema picha ni nzuri. Waliisoma. Huu mgomba wa nani, hili paa la nani, na mbona mbuzi wa fulani hayupo? Bwana mmoja aliudhika kwamba nyumba yake ni ndogo kuliko ya jirani.

"Ni kwa sababu iko mbali," nikamweleza.

"Mbali na nani? Mimi naishi humo."

Mwisho akaja Mzee Mbazi, jirani ya mama mkwe kwa upande wa chini. Alisimama mikono nyuma, akaitazama picha muda mrefu kuliko yeyote.

"Mkwe wetu," akasema, "hii ni kazi. Umechora kama ulivyoona?"

"Kama nilivyoona, mzee."

"Kwa macho yako mwenyewe?"

"Kwa macho yangu mwenyewe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nilirudi nyumbani naelea. Nilimwambia Nakijwa kwamba Myamba kuna angalau mtu mmoja anayeelewa sanaa.

Barazani

Kesho yake alikuja tarishi wa mchili. Mchili ndiye msaidizi wa mfumwa, chifu wetu, na kesi ndogondogo huanzia kwake. Tarishi alisema ninaitwa, mimi na picha, ila zaidi picha.

Nakijwa alinieleza njiani, na alinieleza kwa hasira. "Shemeji, umetumaliza. Mzee Mbazi na mama wanagombania maji tangu baba mkwe amefariki. Mbazi anasema mfereji wa asili ulipita kando ya jabali, kwenye ardhi yake, na kwamba maji kupita kwetu ni hisani tu aliyopewa baba. Sasa hisani imekufa na mwenyewe, mama hana zamu. Mbazi hakuwa na shahidi hata mmoja. Jana amempata."

"Nani?"

"Wewe!"

Ndugu zangu, nilisimama palepale njiani. Wapare mnatujua, na kesi tunazipenda, lakini sijawahi kusikia mwanamume aliyemnyang'anya mama mkwe wake maji kwa brashi. Bila zamu yake ya ndiva, mahindi ya mama yasingefika popote, na migomba ingefuata. Na mimi nilikuwa nimekula makande yake kila siku na kusifu chumvi.

Baraza lilijaa. Picha ilisimamishwa juu ya kiti, mimi nikaambiwa nisimame. Mama mkwe naye alikuwepo, ilibidi. Alisimama karibu na mlango, amenipa mgongo, amejifunika khanga mpaka kichwani. Mzee Mbazi alizungumza vizuri sana. Alisema yeye hana la kuongeza, kwa sababu msomi, mtu wa chuo cha serikali, tena mkwe wa nyumba ileile, amechora mfereji unapopita. Mkwe atamchongeaje mama mkwe wake? Amechora kweli kwa sababu kweli imemshinda nguvu.

Mchili akanigeukia. Ni mtu mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu, mfereji huu umeuchora wewe?"

"Ndiyo."

"Unapita hapo?"

"Haupiti hapo. Niliuweka hapo ili kuliongoza jicho."

"Jicho la nani?"

"La mtazamaji."

"Mtazamaji ana shamba huku?"

"Hana."

"Basi kwa nini umempelekea maji?"

Baraza zima likanitazama likingoja. Nilifungua mdomo nikaanza habari za mizani na pembe na utulivu, Kiswahili kikanigomea, nikachomeka Kiingereza, ikawa mbaya zaidi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama huo utulivu ni jina la kijiji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na nilijua kabisa ninachopoteza: nikisema picha ni ya kweli, naondoka nayo nzima, nzuri, imekamilika, nafasi yangu chuoni iko mkononi. Nikisema ni ya uongo, nani ataniachia niondoke nayo?

Nikatazama pale mlangoni. Mama hakuwa amegeuka. Alikohoa, akaishika nguzo.

"Picha ni ya uongo," nikasema. "Mfereji unapita shambani kwa mama. Nimeuona kila alfajiri. Niliuhamisha mimi, ili picha ipendeze."

Kelele ikalipuka. Mzee Mbazi alisimama akapiga fimbo chini. "Sasa ndiyo anasema uongo! Alipochora hakuwa na hofu. Leo mama mkwe yuko hapa, anaogopa!"

Nikiri tu kwamba hoja yake ilikuwa nzuri. Mchili aliwaza, akapandisha miwani. "Rangi imekauka?"

"Bado."

"Kama mfereji umeuhamisha wewe, urudishe. Hapa, tukiona. Ukiweza kuonyesha mahali mkono wako ulipoanza, tutakuamini."

Nikatoa kisu changu cha rangi, nikaukwangua mfereji wangu mzuri, kisha nikakwangua na shamba la mama. Na kweli, chini ya rangi ya shamba la mama kulikuwa bado na mchirizi wa bluu wa mfereji wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeufunika kivivu. Watu walisogea. Mzee wa nyuma akaweka kidole karibu, akasema, "Kweli, ulipita hapa." Nikauchora upya unapopita, juu mpaka chini, katikati ya picha. Wote walikuwa wakinielekeza, huyu anataka upana, yule anadai nimesahau jiwe, na bwana mwenye nyumba ndogo alitumia nafasi hiyo kuomba aongezewe paa.

Na nitasema jambo linaloniuma mpaka leo. Ilikuwa bora. Mfereji ulipasua picha pande mbili, na kwa hiyo ukaona wanaopata maji na wasiopata, na ukaona kwa nini wale watu wamesimama kimya na majembe. Kitabu hakikukosea, sikitukani. Ila kiliandikwa na mtu ambaye mvua humnyeshea mlangoni bila kuomba zamu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikaitazama, nikajua kwamba hii ndiyo picha ya kumpelekea yule Mwingereza.

Mchili akakubaliana nami kwamba ni nzuri. Akaamua kwamba mama aendelee na zamu yake, na kwa kuwa Mzee Mbazi alikwisha kusema atakata rufaa kwa mfumwa, na akishindwa kwa mfumwa atakwenda mpaka kwa bwana shauri, Mzungu wa wilaya, picha ibaki barazani mpaka kesi iishe.

"Itaisha lini?" nikauliza.

Walicheka. Hata Mzee Mbazi alicheka.

Jioni, nyuma ya ukuta wa fito, sauti ilisema, "Nakijwa, mwambie mgeni nimeshukuru."

"Shemeji, mama anashukuru."

"Mwambie hakuna shida."

"Mwambie pia," ikaendelea sauti, "asichore tena shamba langu."

Kushuka kwa njia ya Gonja

Nilishuka mikono mitupu. Ukitaka kujua mlima ni mrefu kiasi gani, ushuke bila kitu ulichopanda kukifuata. Gonja nilimngoja Mhando, ambaye alikuwa njiani, kwa mujibu wa kila mtu, tangu juzi. Nilikaa kwenye banda la mama muuza chai nikinywa vikombe na kujihurumia. Nilishajiona nyumbani, mzee mwenye mvi, sina ualimu, sina chuo, nachora vibao vya maduka.

Nilikuwa na karatasi moja iliyobaki. Nikaokota kipande cha mkaa pembeni ya jiko. Sikuwa na nia ya kuchora picha ya mtu yeyote, nilikuwa nawaza tu jinsi mama alivyoshika ile nguzo, na mkono ukaanza. Sikupima kwa penseli, sikufumba jicho. Ulikuwa mgongo wake, alfajiri, khanga imefungwa, jembe limesimamishwa chini na yeye ameliegemea, anangoja maji ambayo hayajafika. Uso haupo, maana sijawahi kuuona. Mama muuza chai alipita nyuma yangu akasema, "Maskini." Nilidhani ananisema mimi. Lori lilipofika nikaikunja karatasi nikaitia begini.

Same

Mama Neema alinipokea uani akanitazama mikono. "Picha iko wapi?"

"Barazani. Inatoa ushahidi."

Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, akanifanya nirudie pale pa jicho la mtazamaji, akacheka tena akijifuta machozi kwa khanga. Kisha akauliza, "Na mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Ndivyo tunavyojibu, si ndivyo? Akaniwekea chakula, akaenda kufungua begi langu atoe nguo za kufua. Hakurudi. Nilipoinuka nilimkuta ameshika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Huyu ni mama," akasema.

"Umemjuaje? Hana uso."

Alipeleka kidole mabegani, pale mifupa inapoisukuma khanga, akakizuia kabla hakijagusa mkaa.

"Amekonda," akasema. "Baba Neema, mama amekonda hivi, na wewe unaniambia hajambo?"

Nikaanza kumweleza kwamba mila hairuhusu, kwamba sikumtazama, mkwe hatazami. Nikaishia njiani. Ile mifupa niliichora mimi. Kile kikohozi nilikisikia kila asubuhi nikiwa nachovya brashi, nikakiona ni sehemu ya alfajiri, pamoja na ukungu. Mkono wangu ulikuwa umemwona mama mgonjwa ukaandika. Mimi niliyekaa naye ukuta mmoja, nikiulizwa chumvi, sikuwa nimemwona. Nilitaka ardhi ipasuke.

Asubuhi yake Mama Neema alipanda lori kurudi kwao. Amesema akimkuta anaweza kusafiri atamleta hospitali, na asipoweza atakaa naye.

Sasa mnajua kilichotokea, na mnajua kwa nini napika mwenyewe. Mnaoniuliza habari za chuo, picha ninayo, ile ya mkaa. Sijawahi kuchora nzuri kama hiyo, na nikiitazama nashindwa kula. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Lakini sipandi treni kabla sijasikia mama anaendeleaje, na yule Mwingereza akiona nimechelewa akampa kijana nafasi yangu, ampe.